Kabla Hujaikata Antena, Soma Chati

Chukua antena nne za redio ya VHF, za aina inayofungwa juu ya vivuko na boti za Ziwa Victoria, uzipime kwa ile mita ndogo ya SWR (uwiano wa mawimbi yaliyosimama) ambayo karibu kila fundi wa redio anayo. Inawezekana kabisa zote nne zikakupa jibu moja: 2. Kwa mita hiyo ni pacha wanne. Kumbe ya kwanza ina impidansi ya omu 100 bila riaktansi yoyote. Ya pili ina omu 25, nayo haina riaktansi. Ya tatu ina ukinzani wa omu 40 na riaktansi ya omu 30 yenye tabia ya koili. Ya nne ina omu 40 hizohizo, ila riaktansi yake ya omu 30 ina tabia ya kapasita. Zikiunganishwa na waya wa omu 50, kila moja inarudisha theluthi ya volteji inayoifikia, sawa na asilimia 11 ya nguvu, na kwa kuwa mita inajua tu kiasi kilichorudi, haiwezi kuzitenganisha. Tiba zake, hata hivyo, hazifanani. Ya tatu kwa kawaida ni ndefu kupita kiasi, inahitaji kupunguzwa. Ya nne ni fupi, na fundi atakayeikata ameimaliza. Ya kwanza na ya pili urefu wake hauna kasoro, na kukata hakutazisaidia kitu. Ninachokushauri, ndugu msomaji unayefanya kazi za redio, uwe mhandisi mwenye shahada au fundi wa kibanda cha Kirumba, Mwanza, ni kwamba ujifunze kusoma chati ya Smith, na usikubali kuambiwa kwamba wakati wake umepita.

Chati yenyewe ni duara moja lenye matao ndani yake, na kwa mara ya kwanza inatisha. Lakini kanuni za kuisoma ni chache. Kitovu ni mahali pa ulinganifu, yaani omu 50 kwa waya wa omu 50. Ukingo wa kulia kabisa ni waya uliokatika, ukingo wa kushoto kabisa ni shoti. Nusu ya juu ni ya koili, nusu ya chini ni ya kapasita. Umbali wa nukta kutoka kitovuni ni kiasi cha wimbi kinachorudi, kwa hiyo kila SWR ina duara lake kukizunguka kitovu. Zile antena zetu nne zinakaa juu ya duara moja, zikiligawa robo kwa robo: omu 100 kulia, omu 25 kushoto, ile ya koili juu kabisa, ile ya kapasita chini kabisa. Mita inakuambia duara ni lipi. Chati inakuambia uko upande gani wa duara, na upande ndio unaochagua tiba.

Aliyeipa jina lake ni Phillip Smith, mhandisi wa Bell Telephone Laboratories ya Marekani, aliyeichapisha katika jarida la Electronics mwezi Januari 1939. Mjapani Tosaku Mizuhashi alikuwa ametoa mchoro wa namna hiyo mwaka 1937, na katika Umoja wa Kisovyeti Amiel Volpert naye akautoa mwaka 1939. Nchi tatu, duara moja. Hilo linapaswa kumfikirisha yeyote anayeiona chati hii kuwa mtindo wa zama za rula na penseli: tatizo lenyewe la wimbi linalokwenda na kurudi ndani ya waya ndilo lenye umbo la duara, na watu hao waliliona tu lilivyo.

Umbo hilo linadhihirika zaidi unapoingiza urefu wa waya katika hesabu. Kadiri unavyopima mbali zaidi na antena, nukta inazunguka kitovu kufuata mwendo wa mshale wa saa, na mzunguko mmoja mzima ni nusu ya urefu wa wimbi. Tazama maana yake kwenye chaneli 16 ya vyombo vya majini, ambayo ni megahezi 156.8. Wimbi hewani lina urefu wa mita 1.91. Ndani ya waya wa koaksi wenye plastiki ngumu, ambamo wimbi linakwenda kwa asilimia 66 ya mwendo wa mwanga, linafupika hadi mita 1.26. Sehemu moja ya nane yake ni sentimita 16, na hizo zinatosha kukusogeza robo duara. Ukiipima ile antena ya omu 100 kupitia kipande cha waya cha sentimita 16 ambacho hukukiingiza kwenye usawazishaji wa kifaa kinachopima na kuichora chati hii, skrini itakuonyesha omu 40 na riaktansi ya kapasita ya omu 30. Utaamini antena ni fupi. Utaiongezea urefu ambao haikuuhitaji, kisha utashangaa kwa nini imezidi kuharibika. Ushauri wangu hapa hauna masharti: kisawazishe kifaa chako kwenye ncha ileile itakayogusa antena, kwa vipande vitatu vya wazi, shoti na omu 50 vinavyokuja ndani ya boksi, na usisogeze wala kubadili waya baada ya hapo. Mwenye kuielewa chati hakumbushwi jambo hili, kwa sababu anaiona nukta ikizunguka mbele ya macho yake.

Ukishajua upande, tiba mara nyingi inapatikana dukani palepale mjini. Antena ya omu 100 inaweza kulinganishwa na waya wa omu 50 kwa kuweka kati yake kipande cha waya wa omu 75 chenye urefu wa robo wimbi, na waya wa omu 75 ndio uleule wa madishi na ving'amuzi. Impidansi inayotokea ni omu 56, na SWR inashuka kutoka 2 hadi 1.13. Antena ya omu 25 inatibiwa na waya huohuo, ila vipande viwili vya urefu sawa vilivyofungwa sambamba, ambavyo kwa pamoja vinakuwa omu 37.5, jibu linatoka omu 56 zilezile. Kwenye chaneli 16 kipande hicho ni sentimita 31.5 ikiwa plastiki ya ndani ni ngumu, au karibu sentimita 39 ikiwa ni ya povu, kwa hiyo jua kwanza waya ulioununua ni wa aina gani. Ile ya tatu, kama haikatiki kwa sababu imefunikwa kwenye bomba la plastiki, inakubali kapasita ya pikofaradi 33 kwa mfululizo: riaktansi inafutika, zinabaki omu 40, SWR 1.25. Hakuna tiba hata moja kati ya hizi ambayo namba 2 peke yake ingekuelekeza kwayo.

Kuna kosa jingine ambalo mita ya SWR hailifichui, bali hulifunika, nalo ni hatari zaidi kwa sababu linakuja likiwa na sura ya mafanikio. Waya mwembamba wa RG-58 unapoteza takribani desibeli 6 katika mita 30 kwenye masafa hayo ya VHF. Tuseme konekta ya juu ya mlingoti imeng'oka na antena haimo kabisa. Wimbi linapanda, linapoteza desibeli 6, linarudishwa lote na ncha iliyo wazi, linapoteza desibeli 6 nyingine njiani likirudi. Mita iliyo chini inaonyesha SWR ya karibu 1.7. Fundi anaandika kwenye daftari kwamba hali ni nzuri, na kituo kinaita boti ambazo hazikisikii. Kwenye chati udanganyifu huo hausimami. Pitisha kipimo kutoka megahezi 150 hadi 160, nawe utaona mstari unazunguka kitovu mara tatu hivi kwa umbali uleule, kama kamba inayokunjwa. Antena hai haifanyi hivyo; mstari wake hukaribia kitovu na kuchora kitanzi kidogo panapokuwa na masafa yake. Mizunguko mingi iliyo sawasawa maana yake unautazama waya, hakuna kitu mwishoni.

Mizunguko hiyo ina faida ya pili ambayo inaokoa safari ya kupanda mnara. Kwa waya wa asilimia 66, gawa 99 kwa idadi ya megahezi zinazohitajika kukamilisha mzunguko mmoja, utapata umbali wa mahali wimbi linaporudia, kwa mita. Mzunguko mmoja kila megahezi 3.3 ni mita 30: kosa liko juu kabisa. Mzunguko mmoja kila megahezi 9.9 ni mita 10: waya umekatika au umeliwa na panya katikati ya njia, na konekta ya juu haina hatia. Vipimaji ghali wanavyobeba mafundi wa minara ya simu, kama vile Site Master ya Anritsu, vinafanya hesabu hiyo vyenyewe na kuichora kama umbali wa kosa. Asiye na kipimaji hicho anaweza kuifanya kwa NanoVNA, kile kifaa kidogo chenye asili ya Japani kilichoenea duniani tangu mwaka 2019 na ambacho bei yake inalingana na ya simu ya kawaida. Hapa ndipo hoja ya kwamba chati imezeeka inapoanza kuchekesha. Kwa miongo mingi chati ilikuwa karatasi ya wenye maabara. Ni katika zama hizi hizi ndipo imekuwa skrini inayobebwa mfukoni hadi mwalo wa kisiwa cha Ukara.

Lipo pingamizi la heshima ambalo halipaswi kupuuzwa. Watasema: kompyuta inafanya yote. Unaingiza matokeo ya kipimo, programu inakupa kapasita na koili za kulinganishia hadi tarakimu ya tatu, tena kwa masafa mia kwa mpigo. Ni kweli, na sitamshauri mtu achore kwa bikari ili kupata thamani ya mwisho ya kapasita. Chati kwa macho haikupi usahihi huo, na kwa antena ya kupokea televisheni inayopaswa kufaa kutoka megahezi 470 hadi 694, penye vipengele vinne au vitano vinavyovutana, iachie programu kazi. Lakini programu inajibu swali uliloliuliza. Ukiipa kipimo cha konekta iliyojaa maji ya mvua za masika, itakutafutia kwa adabu zote kapasita na koili za kulinganisha maji hayo, na jibu litakuwa sahihi. Kujua kwamba swali lenyewe si sahihi ni kazi ya mtu anayetazama umbo la mstari na kusema: antena ya aina hii haikai upande huu wa chati. Na hata hizo programu, zikitaka kumwonyesha mwanadamu zimefanya nini, zinachora chati ya Smith.

Wengine watasema vifaa vya kisasa vinakuja vimekamilika. Kwa sehemu wana haki. Kwenye minara ya 5G, ambako antena na redio vimefungwa ndani ya boksi moja, hakuna waya wa kupima, kikifa kinabadilishwa. Madishi madogo ya kurusha intaneti kutoka kilima hadi kilima yako hivyohivyo. Ila ziwa hili lenye kilomita za mraba 68,800 halihudumiwi na maboksi hayo peke yake. Redio za VHF za majini, redio za upepo za polisi na vituo vya FM bado vina transmita chini, waya katikati na antena juu, na kila kiungo kati ya hivyo kinaweza kuoza. Kubadilisha kwa kubahatisha kuna gharama: mtu anapanda mlingoti kisiwani Kome, anagundua tatizo halikuwa alilobebea kifaa, anasubiri kivuko cha kesho.

Kwa upande wa pili wa kazi hiyo, pale vifaa vinapobuniwa, chati haijawahi kuondoka. Fungua kabrasha la kiufundi la transista ya masafa ya juu, mara nyingi utakuta tabia yake ya kuingizia na kutolea imechorwa juu ya chati hiyo. Mbunifu wa amplifaya anachora humohumo maduara ya kelele na maduara ya uthabiti, aone kwa mkupuo mmoja eneo ambalo kifaa kitatulia bila kuanza kupiga mluzi chenyewe. Mwanafunzi wa chuo anayetengeneza kihisi cha bei nafuu kinachotuma taarifa kwa megahezi 868, cha kupima kina cha maji au joto la ghala la samaki, atakuta kwenye bodi nafasi ya vipengele vitatu kati ya chipu na antena. Akiviacha kama mwongozo wa kiwanda ulivyosema, bila kujali kwamba ameingiza bodi kwenye kasha la plastiki linalovuta masafa ya antena chini, atatuma umbali mfupi kuliko ule ambao angeweza. Kwenye chati atajua ndani ya dakika chache ni kipengele kipi cha kubadilisha na kwa upande gani.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la hisabati, kwa kuwa linatolewa na watu wanaoitaka kazi hii kwa moyo. Impidansi ni namba changamano, na kwetu namba changamano zinafundishwa kidato cha tano na sita kwa wachache wanaochukua hisabati ya juu. Kijana aliyepitia chuo cha ufundi cha VETA baada ya kidato cha nne hajazigusa. Basi chati si yake? Mimi naona kinyume chake. Smith aliichora ili akwepe mzigo wa kukokotoa, na kijana huyo anaweza kuutua mzigo uleule kwa njia ileile. Juu na chini, kulia na kushoto, zungusha nusu wimbi: haya yanafundishika kwa siku chache mbele ya kifaa, na mtu akishayazoea ndipo hesabu nayo inapata mahali pa kushika. Vyuo vinavyoianza chati kwa fomula ukurasa mzima vinawafukuza wanafunzi mlangoni.

Lakini usiifanye chati kuwa kitu isichokuwa. Inaonyesha kama nguvu inaingia kwenye antena. Haionyeshi kama inatoka hewani. Kwa Mwanza tofauti hiyo ni kubwa kuliko kwingi, kwa sababu mji huu umekaa juu ya mawe ya matale, na jiwe kavu ni ethi dhaifu. Mnara wima wa robo wimbi juu ya ardhi bora una ukinzani wa karibu omu 36. Kwa masafa ya kilohezi 1377, ambayo Radio Free Africa ya Mwanza ilijulikana nayo katika mawimbi ya kati, robo hiyo ni mita 54. Usimamishe mnara kama huo juu ya mwamba bila kutandaza waya za ethi za kutosha, na ardhi inaweza kuongeza omu 14 za upotevu. Jumla ni 50. Nukta inakaa katikati kabisa ya chati, SWR ni 1, kila mtu anapongezana, na asilimia 28 ya nguvu inapasha mawe moto. Ongeza waya za ethi hadi upotevu ushuke kuwa omu 4, nukta itaondoka kitovuni hadi omu 40, SWR itapanda hadi 1.25, na antena itakuwa bora kuliko ilivyokuwa. Vitabu vya redio za majini navyo huandikwa kwa ajili ya bahari; maji ya ziwa hili ni baridi, yasiyo na chumvi, na yanapitisha umeme mara mamia chini ya maji ya Bahari ya Hindi. Ahadi za ethi ya bure chini ya chombo uzisome kwa shaka. Kwa hiyo unapoona nukta imetulia kitovuni bila jasho, jiulize kwanza nguvu inaishia wapi.

Anayeanza leo namshauri asianzie juu ya mnara. Chukua kipande cha waya wa mita 10, pima ncha yake ikiwa wazi, ikiwa shoti, ikiwa na kipingamizi cha omu 50, kisha cha omu 100, na uitazame mistari hadi uweze kuitabiri kabla haijachorwa. Halafu tengeneza antena ya robo wimbi kwa waya wa shaba, uikate milimita chache kila mara, uone kitanzi kinavyohama. Uisogeze karibu na bati la paa, uone kinavyoharibika. Usiunganishe kamwe kifaa kwenye antena iliyoshikamana na transmita iliyowashwa, wala wingu la radi likiwa limesimama upande wa ziwa, kwa maana eneo hili ni miongoni mwa yanayopigwa na radi zaidi duniani. Karibu na vilima vyenye vituo vingi vya FM, mawimbi yao huingia kwenye kifaa na kuutikisa mstari. Ukiuona una chembechembe zisizotulia, usilaumu antena, rudia kipimo ukiwa umepunguza upana wa kichujio cha kupokelea cha kifaa.

Siku antena inapofungwa ikiwa mpya, hifadhi faili la kipimo chake, na uandike tarehe, urefu wa waya na mahali ulipokisawazishia kifaa. Baada ya masika pima tena kwa namna ileile na uweke mistari miwili juu ya chati moja. Kitanzi kikihamia masafa ya chini, maji yameingia kwenye kichwa cha antena. Mstari wote ukinywea kuelekea kitovuni, SWR itaonekana imeboreka, na hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi: waya umelowa, upotevu umeongezeka, na redio ya wati 25 huenda inafikisha juu wati chache tu. Mistari miwili ikilaliana, usipande popote. Tatizo liko chini, kwenye redio yenyewe au kwenye betri yake.